Maziwa ya Vumbi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala randa. Nilipewa kikombe cha maziwa. Nilikuwa nimefika karakana asubuhi, nimevaa shati ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa kana kwamba nakwenda kupata kipaimara, nikabaki mlangoni mdomo wazi. Ndani hamkuonekana watu, mlionekana vivuli. Hewa yote ilikuwa na rangi ya uji. Watu walikuwa na nyusi nyeupe, kope nyeupe, masikio yamejaa unga wa mbao, na waliongea kwa kupiga kelele kwa sababu msumeno ulikuwa haunyamazi. Mimi nilikulia huku mlimani Meru, kwenye migomba na kahawa, ambako hewa huifikirii hata siku moja. Niliogopa, nasema kweli.

Ndipo akatokea Foremani. Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia; hata mkewe, nilikuja kusikia baadaye, alimwita Foremani. Mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba kwa chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Wewe ndiye Anaeli?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kunywa hiki."

"Asante, mzee, nimeshakunywa chai nyumbani."

"Nani amekuambia hii ni chai? Hii ni kinga. Maziwa yanasafisha kifua. Vumbi lote utakalomeza leo yatalibeba yatalipeleka chini. Usipokunywa, mashine yangu usiiguse."

Nikanywa yote. Naye akachukua kikombe chake, akapiga funda moja mbele yangu, akajifuta mdomo, akaniongoza kwenye msumeno. Maziwa yale tuliyaita maziwa ya vumbi, na yalitolewa kila siku ya kazi, kila mtu na fungu lake. Kuna waliokuwa radhi kukosa chakula cha mchana kuliko kukosa maziwa ya vumbi.

Ninyi mnaosoma leo, mliozoea kuagiza kabati kwa simu, niwaeleze kidogo. Msumeno wa meza ni meza ya chuma yenye mwanya katikati. Chini yake kuna mota, na mota inazungusha msumeno wa duara ambao sehemu yake ya juu inachomoza mwanyani. Ubao unausukuma kwa mikono, ukiuegemeza kwenye fensi, yaani ule ukingo ulionyooka unaopima upana. Kila jino linapokata linang'oa chenga. Nyingi zinaanguka chini ya meza, na hizo ndizo watu wa kuku huja kuzichukua pamoja na maranda ya randa. Ila kuna zile laini kuliko unga wa sembe, na hizo hazianguki. Zinarushwa na meno kuelekea kwa aliyesimama mbele, na kwa miaka mingi aliyesimama mbele nilikuwa mimi.

Juu ya Foremani alikuwepo Meneja, mtu wa Kilimanjaro, Mkatoliki mpole aliyevaa tai hata katika vumbi lile. Chini ya Foremani walikuwepo mafundi mashine, kisha mafundi mkono, kisha sisi wasaidizi. Nilianza kwa kupokea mbao nyuma ya msumeno, nikapanda polepole mpaka nikakabidhiwa msumeno wenyewe. Nilipasua mninga, ambao vumbi lake linawasha mpaka machozi. Nilipasua mkamfa, ambao harufu yake inakaa kwenye nywele mpaka Jumapili ibadani. Nilipasua misonobari na mikrismasi ya madawati ya shule. Jioni tulikohoa wote pamoja tukipanga mstari kwenye bomba la maji. Tulikohoa huku tukitaniana nani anakohoa kwa sauti ya besi, na mwenye besi kuliko wote alikuwa Foremani.

Baadaye tulipelekwa upande wa Momela, mimi na Foremani na wenzetu wachache, kutengeneza milango na vitanda vya nyumba ya wageni iliyokuwa inajengwa huko. Msumeno tuliuweka nje, chini ya turubai, ukiendeshwa kwa jenereta. Asubuhi tulikuta nyayo za nyati kwenye maranda. Upepo wa upande wa maziwa ya Momela ulikuwa unapita pale siku nzima, na kabla hata hatujazoea baridi ya huko, kikohozi cha Foremani kikakatika. Changu pia. Tulishangaa sana. Tukakaa jioni tukijadili chanzo ni nini.

"Ni maziwa," Foremani akasema. "Mmeona maziwa ya huku? Mazito. Ng'ombe wanakula majani mabichi."

Tukakubali wote! Watu wazima, tumekaa kwenye upepo unaozoa vumbi lote na kulitupa porini, halafu tunasifu ng'ombe. Hata sasa nikikumbuka kikao kile nashika kichwa.

Tuliporudi mjini kikohozi kikarudi, nasi tukasema maziwa ya mjini yana maji. Foremani akastaafu, akaenda kwao Kikwe kulima mahindi na maharage. Nikawa foremani mimi. Uongozi ukabadilika, ukaja mwingine ambao uliyakata maziwa, tukalalamika kama watu walionyimwa hewa. Kisha karakana yenyewe ikafungwa, mashine zikauzwa, na mimi nikaondoka na ule msumeno wa meza, uleule niliousimamia ujana wangu wote. Nikausimika nyuma ya nyumba yangu Kimandolu, kwenye banda la mabati, nikajiita mstaafu.

Binti yangu wa mwisho, Ndeshi, hakuniacha nistaafu. Alitoka chuo cha ufundi na cheti cha useremala, akaingia bandani na hakutoka tena. Huyu mtoto ana mkono, jamani. Anatengeneza makabati ya jikoni ambayo milango yake inajifunga kimyakimya kama inaona haya. Lakini kazi ya siku hizi ni ya mbao za kiwandani, zile MDF, na unga wake ni laini kuliko kitu chochote nilichowahi kupasua. Haukai chini. Unaning'inia tu hewani mchana kutwa. Ndeshi akaanza kukohoa. Nikampa maziwa. Akazidi kukohoa, nami nikamwongezea maziwa. Ilifika hatua anapanda ngazi tatu za barazani anasimama kupumua, na anapolala kifua kinapiga filimbi.

Nikampeleka hospitali. Daktari wa kifua alikuwa mama mmoja wa makamo, hana haraka, anauliza swali na kusubiri jibu. Akamwambia Ndeshi apulize kwenye kifaa, akakitazama, akamwambia apulize tena.

"Unafanya kazi gani, binti?"

"Seremala, daktari."

"Vumbi mnalizuiaje?"

Nikamjibu mimi, tena kwa kujiamini. "Daktari, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Kila siku namnywesha maziwa."

Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Baba, maziwa yanapita njia ya chakula, yanakwenda tumboni. Vumbi linapita njia ya hewa, linakwenda kwenye mapafu. Haviwezi kukutana hata mara moja."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Maisha yangu yote ya kazi! Mtu anaweza kunywa maelfu ya vikombe vya imani na asijiulize hata siku moja njia ya maziwa ni ipi na njia ya hewa ni ipi, wakati kila akipaliwa anakumbushwa kwamba ni njia mbili. Daktari akaendelea. Akasema kifua cha Ndeshi bado kinaweza kurudi, ila siyo katika vumbi lile. Akampa dawa na tarehe ya kurudi. Hali ikiwa imeendelea vilevile, akasema, aache useremala kabisa.

Tulipofika getini Ndeshi akasema, "Baba, mimi siachi." Macho yalikuwa yamejaa machozi. Nikamwambia basi tulitoe vumbi, siyo wewe.

Tukaanza. Chini ya meza ya msumeno palikuwa wazi, miguu minne tu, chenga zinaanguka sakafuni. Tukapaziba kwa mbao pande zote na ndani tukaweka ubao wa mteremko ili chenga ziteleze kuelekea tundu moja. Kwenye tundu tukaunga bomba nene la plastiki, bomba likaenda kwenye pipa lenye koni juu yake. Hewa ikiingia ndani ya koni kwa ubavu inazunguka, chenga nzito zinaanguka pipani, na hewa inaendelea kwenye feni ya kunyonya. Mwisho wa feni tukafunga kiroba cha kitambaa kizito kukamata kinachobaki. Tulipowasha mara ya kwanza feni ilinguruma lakini haikunyonya kitu. Nikashtuka, nikadhani mota imekufa. Ndeshi akawaza, akachukua drili na kutoboa matundu upande wa pili wa sanduku. Tulikuwa tumeliziba mno. Hewa ilikuwa haina pa kuingilia, na feni haiwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Papo hapo chenga zikaanza kukimbia ndani ya bomba kwa mlio kama wa mvua kwenye mabati.

Sakafu ikawa safi. Nilipita pale na soksi nyeupe, nikazitazama nyayo zake, nyeupe! Tulishangilia. Mama Ndeshi akapika pilau. Na wiki ileile Ndeshi akakohoa vibaya kuliko mwanzo.

Sikuelewa. Sakafu safi, kifua kichafu, inakuwaje? Jibu lilikuja asubuhi moja kupitia tundu la msumari ukutani. Jua la asubuhi linapita hapo na kutupa mwale mwembamba katikati ya banda. Ndeshi aliwasha msumeno, akapasua ubao mmoja, na ule mwale ukageuka ukawa mweupe na mnene kama kamba ya katani. Ulikuwa unachemka. Mamilioni ya vichembe vinapanda na kushuka, ambavyo ukitoka kwenye mwale huvioni kabisa. Nikaweka mkono juu ya kiroba, nikahisi kinapumua. Kile kiroba kilikuwa kinabaki na chenga zisizomdhuru mtu, kisha kinatupulizia usoni ule unga laini wenyewe. Tulikuwa tumetengeneza mashine ya kuchagua vumbi baya na kutupatia!

"Zima! Toka nje!" nilipiga kelele, na Ndeshi akatoka mbio akidhani kuna moto.

Tukaanza upya. Feni, pipa na kiroba tukavitoa nje, tukavijengea kibanda chake upande wa migomba, mbali na madirisha yetu na ya jirani, ili kinachopenya kiishie huko. Bomba nilikuwa nimelipitisha kwa kona nyingi ili lipendeze ukutani. Ndeshi akazing'oa elbo zote za kona isipokuwa moja, kwa sababu kila kona inaiba nguvu ya kuvuta. Mwanya wa mezani ulikuwa mpana, tukauwekea kibao kipya ambacho msumeno wenyewe ulijikatia nafasi yake, usiache upenyo. Bado mwale wa jua ulionyesha vumbi, safari hii kutoka juu ya meza, lile linalorushwa na meno. Ndeshi akataka kuuvika msumeno kofia ya plastiki angavu, yenye mpira wa kunyonya unaoning'inia kutoka darini.

"Sitauona mstari," nikasema.

"Baba, utauona. Ni angavu."

"Tangu nianze kazi sijawahi kufunika msumeno."

"Ndiyo, baba. Na tangu uanze kazi unakohoa."

Tukaifunga kofia.

Kukiwa bado kumebaki siku za kusubiri tarehe ya daktari, nikaona siwezi kukaa na jambo lile peke yangu. Nikaenda Kikwe kwa Foremani. Nilimkuta amekaa nje, kandokando ya maharage yaliyoanikwa, amekonda, anaongea maneno machache kisha anasubiri pumzi impe mengine. Mkewe alishafariki, binti yake akatuletea loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando. Nikaona nimwambie taratibu, nisije nikamuua kwa mshtuko.

"Foremani, nimekuletea habari mbaya. Yale maziwa ya vumbi hayakuwa yanafanya kitu. Nimeambiwa na daktari."

"Najua," akasema.

Kijiko kilinianguka.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja." Akasubiri pumzi. "Meneja alituita wote kwenye banda la mbao. Akasema, wakubwa wamekubali kutupa kitu kimoja kwa ajili ya vumbi. Feni kubwa, na mabomba yake kwenye kila mashine. Au maziwa, kila mtu, kila siku. Feni ndiyo dawa ya vumbi, akasema, maziwa ni ya mwili tu. Chagueni. Anayetaka feni anyooshe mkono."

"Wakanyoosha wangapi?"

"Mzee mmoja wa randa. Na Meneja mwenyewe."

"Na maziwa?"

"Karakana nzima."

"Na wewe?"

"Mimi nilinyoosha wa kulia, nikaona hautoshi, nikanyoosha na wa kushoto."

Nilisimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi, nilijikuta nimesimama. Feni! Feni ileile ambayo mimi na binti yangu tulikuwa tunahangaika nayo bandani, ililetwa mezani kwetu nikiwa bado sijaajiriwa, ikakataliwa kwa mikono juu. Nikamuuliza kwa nini, na nakiri sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Anaeli, feni haiendi nyumbani. Maziwa yanakwenda." Alipumua. "Mwaka ule ng'ombe wangu walikufa kwa ukame. Watoto walikuwa wadogo. Unaikumbuka chupa yangu?"

Chupa ya gunzi. Siku zote nilidhani ni maji.

"Lakini ulikuwa unakunywa! Nilikuona kwa macho yangu!"

"Funda moja, ili mwone. Mengine yalikuja hapa Kikwe."

"Na kwa nini ulituambia yanasafisha kifua?"

"Kijana mpya anaingia mlangoni, anaona lile vumbi. Nimwambie nini? Nimwambie ingia tu, wenzako wameikataa feni?" Akanitazama. "Nilisema hivyo ili muweze kuingia. Nikasema mara nyingi, mpaka na mimi nikaamini. Tulipopona kule Momela niliamini kabisa."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na huruma, na sikujua nianze na ipi. Nikaaga, loshoro ikiwa nusu. Nilipofika njiani nikasikia ananiita kwa sauti ndogo.

"Anaeli! Hiyo feni yako, inavuta kweli?"

"Inavuta."

"Nitakuja niione."

Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Lakini alikuja, siku chache baada ya Ndeshi kutoka kwa daktari. Aliletwa kwa gari na mwanawe wa kiume, mtu mzima anayeishi mjini na wadogo zake, mrefu, kifua kipana, meno yote yamekaa. Alimteremsha baba yake garini kama anayebeba mto. Nilimtazama yule bwana kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilikuwa naona maziwa yetu yalikokwenda.

"Shikamoo, babu," Ndeshi akasema.

"Marahaba, mama. Daktari amesemaje?"

"Ameniruhusu, babu. Amesema kifua kinarudi, niendelee, ila barakoa nisiivue."

Foremani akafumba macho kidogo. Kisha akaomba kiti, akaketi karibu na ule mwale wa jua, na Ndeshi akapasua ubao wa mninga, mrefu, kutoka ncha hadi ncha. Foremani hakuutazama ubao wala msumeno. Aliutazama mwale. Ulibaki mwembamba, msafi, kichembe kimoja kimoja kinapita kama kilichopotea njia. Msumeno ulipozimwa akaendelea kuutazama.

"Basi ilikuwa inawezekana," akasema. Akarudia, "Kumbe ilikuwa inawezekana."

Kikamjia kikohozi, kile cha besi, kirefu, mpaka mwanawe akamshika mabega. Ndeshi akakimbilia ndani, na kwa kuwa nyumbani kwetu hiyo ndiyo tabia ya siku zote, akarudi na kikombe cha maziwa ya moto. Alipokumbuka akasimama, akanitazama, hajui akirudishe au vipi. Foremani alikwisha kunyoosha mkono.

Mimi nimestaafu mara mbili sasa, na kazi yangu bandani ni kumwaga pipa na kuangalia jua la asubuhi. Watu wakija kuniuliza kuhusu useremala wa zamani huwa wanataka kusikia habari za mninga na mkamfa. Nawaambia waanze na hewa. Wakiniuliza tulikuwa wajinga kiasi gani, siwajibu haraka.

Siku ile Foremani alipokipokea kikombe alipiga funda moja, kama zamani. Akajifuta mdomo. Kisha mkono wenye kikombe ukaenda pembeni wenyewe, bila yeye kutazama, ukampelekea mwanawe.

Yule bwana mkubwa akakishika kikombe, akakirudisha taratibu kwenye midomo ya baba yake.

"Maliza, baba," akasema. "Sisi tumeshashiba."

Akanywa yote. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza kumwona akimaliza.